Ekari nne za mtaa, chemchemi na mboga za porini: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwinjilisti wa mtaa wa Kilutheri katika milima ya Usambara Magharibi. Mtaa wetu una ekari nne za mteremko: juu liko kanisa pamoja na makaburi, katikati kuna shamba la mahindi lililochoka, na chini kabisa ipo chemchemi iliyozungukwa na mikaratusi ya zamani. Kila masika udongo unashuka bondeni, na kila kiangazi maji ya chemchemi yanapungua. Vijana wanataka tusafishe eneo lote tupande parachichi. Kina mama wazee huchuma humo mchunga, mnavu na uyoga, lakini baadhi ya wazee wa mtaa wanataka uchumaji upigwe marufuku, kwa sababu mwaka jana mtoto mmoja aliugua vibaya baada ya kula mboga zilizochumwa hapo. Tuanzie wapi, na tuamue nini kuhusu uchumaji?

Jibu: Mwinjilisti, Bwana Yesu asifiwe. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, kwa kuwa ndani yake yamo maswali matatu ambayo watu wengi huyatenganisha, nami ninaona ni swali moja. Udongo unaoshuka, chemchemi inayokauka na mboga zinazochumwa pembezoni vyote vinafuata njia ya maji katika ekari zenu. Kwa hiyo naanza na maji, kisha nije kwenye miti, parachichi na mboga, nikikuomba usimruhusu mtu yeyote kufyeka chochote kabla hamjaijua njia hiyo.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, chukua vijana watatu au wanne mkatembee shambani wakati mvua ingali inanyesha. Anzeni kwenye paa la kanisa. Mara nyingi nimekuta kwamba korongo la chini ya shamba limezaliwa na bati la juu, kwa kuwa maji ya paa zima hutoka kwenye kona moja, yakapata kijia cha miguu na kukigeuza mfereji. Kama ndivyo ilivyo kwenu, tangi la kuvunia maji ya mvua litafanya kazi kubwa kuliko matuta kumi, na maji hayo yatamwagilia kitalu chenu wakati wa kiangazi. Wekeni vijiti mahali maji yanapokusanyika, mahali yanapokata udongo, na mahali yanapotulia na kuzama. Mvua ikikatika, vijiti hivyo ndiyo ramani yenu.

Hatua inayofuata ni kuupima mteremko. Chukueni mti ulionyooka wa mita 2, ncha yake moja iguse ardhi upande wa juu, mti ulale sawasawa, kisha pimeni kimo kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Kimo kikiwa sentimita 60, mteremko ni asilimia 30, na huo ni mkali. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu matuta ya fanya juu, yaliyojulikana sana kutoka Machakos nchini Kenya, husifiwa kila mahali kana kwamba yanafaa kila mahali. Katika fanya juu mtu huchimba mtaro wa takriban sentimita 60 kwa kina na upana, udongo hutupwa upande wa juu na kuwa tuta, na baada ya miaka kadhaa sehemu iliyo kati ya tuta na tuta hujaa na kuwa ngazi. Kwenye mteremko wa wastani ni kazi nzuri sana. Lakini penye mteremko mkali na udongo mzito, hasa juu ya chemchemi ambako ardhi ina maji ndani, mtaro hukusanya maji na kuyaingiza kwa wingi mahali pamoja, na kipande kizima cha mlima kinaweza kuporomoka. Kama kipimo chenu kitapita asilimia 25 hivi, ninawashauri msichimbe mitaro, bali mpande mistari ya majani yanayokamata udongo.

Mistari hiyo lazima ifuate kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko kwa usawa ule ule bila kupanda wala kushuka, na kuitafuta hakuhitaji mashine. Fremu A hutengenezwa kwa miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, mti wa tatu uliofungwa katikati kuwa mkono, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Simamisheni fremu, wekeni alama mahali kamba inapogusa mkono, kisha igeuzeni ili kila mguu ukae mahali pa mwenzake na muweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Baada ya hapo mnatembea na fremu mkikatiza shamba, mkipigilia kijiti kila kamba inapotulia kwenye alama ya katikati. Kati ya mstari na mstari pawe na mshuko wa takriban mita 1.5, maana yake kwenye mteremko wa asilimia 30 mistari itaachana kwa mita 5 hivi. Vijana wa kipaimara wataimaliza kazi hiyo kwa siku chache, na nimeona wakiifurahia kuliko somo lolote la darasani.

Kuhusu aina ya majani, Usambara ina uzoefu wake. Mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto uliojulikana kwa jina la SECAP, ulioanza Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulihimiza mistari ya majani ya gwatemala pamoja na miti kwenye kontua, na hadi leo katika vijiji kadhaa utaiona. Gwatemala na mabingobingo hufaa pia kwa kulisha ng'ombe, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa mstari usiomnufaisha mtu hung'olewa. Angalizo langu ni kwamba mabingobingo hula rutuba ya mazao jirani yasipokatwa mara kwa mara, kwa hiyo mgawieni wenye ng'ombe haki ya kukata, kila mmoja mstari wake, kwa sharti la kurudisha samadi shambani.

Hapa niseme jambo la historia ambalo wazee wenu huenda wanalikumbuka kwa masimulizi ya wazazi wao. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia bonde la Mlalo, ukiwalazimisha Wasambaa kutengeneza matuta kwa amri na adhabu. Watu waliuchukia, kazi kubwa iliwaangukia kina mama, na mwishowe mpango ukaachwa kwa sababu ya upinzani. Sababu yake ya kitaalamu haikuwa ya uongo, kwani udongo ulikuwa unapotea kweli. Lakini matuta yaliyochimbwa kwa kulazimishwa yalikosa watu wa kuyatunza. Ninalitaja kwa sababu baraza la wazee likianza kwa marufuku ya mboga na zamu za lazima za Jumamosi, mtapata fremu A na vijiti, lakini hamtapata mikono ya mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu ndio unaoamua kama mstari utaishi.

Sasa chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kandokando ya vyanzo vya maji kuwa eneo lisilofanyiwa shughuli za kudumu wala zile zinazohatarisha hifadhi yake. Kwa kuwa chemchemi yenu iko kwenye mpaka wa chini, nusu duara ya mita 60 inachukua karibu ekari moja na nusu kati ya nne mlizonazo. Waambieni vijana tarakimu hiyo mapema, kabla hawajapiga hesabu ya parachichi kwa ekari nne nzima. Ndani ya eneo hilo kusiwe na kilimo, choo, zizi wala dawa ya kupulizia, na ng'ombe wanyweshwe kwenye birika lililo nje ya uzio.

Mikaratusi iliyomo inapaswa kuondoka, lakini polepole. Ni kweli kwamba mti huo hukua haraka na kunywa maji mengi, na ukipandwa juu ya jicho la chemchemi hupunguza maji yanayotoka. Ndiyo sababu mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya vyanzo vya maji. Hata hivyo, mizizi hiyo hiyo ndiyo inayoushikilia mteremko wenu leo. Mkiikata yote kwa msimu mmoja, mtapata maji ya matope na huenda maporomoko. Ninashauri theluthi moja kila mwaka, mkianza na iliyo karibu zaidi na jicho la maji, baada ya kupita ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu kuhusu kibali. Kateni kiangazi, msiburute magogo kuelekea chini kwa kuwa kila mburuto ni mfereji mpya, na visiki msiving'oe. Mkaratusi huchipua, basi menyeni gome la kisiki hadi chini ya usawa wa udongo na mrudi kila baada ya wiki chache kuvunja machipukizi, mpaka kisiki kichoke. Mbao na nguzo zitakazopatikana zinaweza kulipia uzio na tangi.

Mahali pake pandeni miti ya kienyeji ya mabondeni, na kwanza kabisa mkuyu, ambao hushika hata kwa kukata tawi nene na kulichomeka ardhini wakati wa mvua. Mishai nayo inafaa upande wa juu kidogo. Kabla ya kununua miche, ingieni makaburini. Katika viwanja vingi vya kanisa nilivyotembelea, makaburi ndiyo sehemu pekee ambayo shoka halikufika kwa miaka mingi, na chini ya miti yake mikubwa huota miche midogo inayozoea kabisa udongo na hali ya hewa yenu. Ing'oeni kwa uangalifu pamoja na udongo wake wakati wa masika, muiweke kwenye viriba chini ya kivuli hadi ipate nguvu, kisha muipande vuli. Miti mipya kutoka mbali, hata ikisifiwa, ipokeeni kwa tahadhari. Upande wa pili wa milima yetu, huko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, mti uliopandwa kwa nia njema uitwao kitaalamu Maesopsis eminii ulisambaa ndani ya msitu wa asili, na hadi leo wahifadhi wanahangaika nao.

Parachichi siyapingi. Mkitoa eneo la chemchemi, kanisa na makaburi, mtabaki na takriban ekari moja na nusu katikati, na kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ekari moja huchukua miche 80 hivi. Baada ya kutoa nafasi ya mistari ya majani, miche 100 kwa jumla ni hesabu ya busara. Hata kama sheria isingekuwepo, ningewazuia kupanda karibu na chemchemi, kwa sababu parachichi halivumilii miguu yenye maji: ugonjwa wa kuoza mizizi hushambulia penye udongo uliolowa, na mti mzuri wa miaka minne unaweza kunyauka kwa msimu mmoja. Mashimo yawe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na wa chini, na ule wa juu urudishwe ukiwa umechanganywa na madebe mawili ya samadi iliyoiva au mboji. Kiungo cha mche, yaani mahali mche ulipobebeshwa, kibaki juu ya udongo. Matandazo ya nyasi yawekwe kwa wingi lakini yasiguse shina, na jembe lisichimbe kwa kina chini ya mti kwa kuwa mizizi inayolisha iko juujuu. Miaka ya kwanza pandeni maharage kati ya mistari.

Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondoeni, ingawa vijana watanung'unika. Mti mdogo ukibebeshwa matunda hudumaa. Agizo la Mambo ya Walawi sura ya 19, kwamba matunda ya mti mpya yasiliwe kwa miaka mitatu ya kwanza, mkulima wa matunda hulisoma kwa kuitikia kwa kichwa.

Sura hiyo hiyo ndiyo inayoagiza pembe za shamba zisivunwe zote, ziachwe kwa maskini na mgeni, na hapo ndipo ninapoliona swali la kina mama wanaochuma. Msipige marufuku. Mama anayeinama pembeni ya shamba lenu kuchuma mchunga anatafuta kitoweo cha jioni, na pamoja na kikapu amebeba ujuzi ambao mtaa wenu hauna mahali pengine pa kuupata. Wekeni utaratibu, na utaratibu huo mwutengeneze pamoja nao.

Kuhusu mtoto aliyeugua, kwa kuwa hukuandika dalili zake, siwezi kusema alikula nini. Ninaweza kueleza ni wapi hatari ilipo. Ya kwanza ni mnanaha, mmea wenye ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda lenye miiba, unaoota kwenye majalala, mazizi na mashamba yenye rutuba, yaani mahali pale pale panapopendwa na mnavu na mchicha. Ukiwa na maua hakuna anayeukosea. Ukiwa mchanga, majani yake huchanganyika kwenye fungu kwa urahisi. Jani lake likifikichwa hutoa harufu mbaya nzito, na mnavu hauna harufu hiyo. Aliyeula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio na huanza kuweweseka, na huyo apelekwe hospitali mara moja. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu wengi waliugua na baadhi wakafa baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na mbegu za mmea huo, kwa hiyo si jambo la kulichukulia kwa wepesi. Kanuni ya kuwafundisha watoto ni rahisi: usichume mnavu ambao bado haujaonyesha ua wala tunda, na matunda mabichi ya kijani ya mnavu usiyaweke mdomoni. Na mnanaha wowote unaoonekana katika ekari zenu ung'olewe kabla haujapasua tunda.

Hatari ya pili watu huisahau kabisa, nayo ni dawa. Usambara ni nchi ya nyanya na kabichi, na mashamba hayo hupulizwa mara nyingi. Mchunga ulioota kwenye mpaka wa shamba la nyanya hupata dawa ile ile, bila mtu wa kuhesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa hiyo uchumaji ufanyike ndani ya eneo lenu, ambako ninyi wenyewe mnajua hakijapulizwa kitu, na mpaka unaopakana na jirani anayepulizia uachwe mita kadhaa bila kuchumwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuruhusu: mkiwafukuza, watakwenda kuchuma kwenye nyanya.

Mchunga wenyewe ukatwe juu ya mzizi badala ya kung'olewa, nao utachipua tena. Mlenda na mgagani viachieni mashina machache yakomae na kuangusha mbegu pembeni ya shamba. Bibi zenu wanajua ni sehemu gani mchunga huwa laini na ni wakati gani huwa mchungu kupita kiasi; waombeni waongozane na vijana wa kipaimara angalau asubuhi moja kila msimu.

Uyoga ninautenga, kwa sababu kosa lake halirekebishiki. Uyoga wa kichuguu, unaoota kwenye vichuguu vya mchwa baada ya mvua, ni chakula cha heshima na wazee wanaujua. Ung'olewe wote kutoka chini, kamwe usikatwe katikati ya shina, ili shina refu linaloingia kichuguuni kama mzizi lionekane. Uyoga wowote ambao chini ya shina lake kuna mfuko au kikombe uachwe, na ule mkubwa mweupe unaoota kwenye majani ya uwanja, ambao chini ya kofia hugeuka rangi ya kijani unapokomaa, uachwe pia. Uyoga unaoota chini ya mikaratusi au misindano usiliwe hata kama mzee anadhani anautambua, kwa kuwa miti hiyo imekuja kutoka nje na inaweza kuwa imekuja na uyoga wake, ambao ujuzi wa mababu haukuwahi kuujaribu. Kuchemsha hakuondoi sumu iliyo kali zaidi, na kijiko cha fedha au kitunguu kinachobadilika rangi hakithibitishi kitu. Sumu hiyo hukaa kimya saa 6 hadi 24 kabla ya kutapika na kuhara kuanza, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu huku ini likiharibika. Kwa hiyo kila anayepika uyoga ahifadhi mmoja mbichi, na yeyote akiugua, uyoga huo upelekwe hospitali pamoja na mgonjwa.

Nikipanga haya kwa msimu: kabla ya vuli, yaani kufikia mwishoni mwa Septemba, tembeeni na fremu A, pigeni vijiti, wekeni uzio wa mita 60 hata kama ni wa miti mikavu tu, na mkate theluthi ya kwanza ya mikaratusi. Vuli mpande majani ya kontua na matawi ya mkuyu. Parachichi lisubiri masika ya mwaka unaofuata, mashimo yakiwa yamechimbwa na kujazwa miezi miwili kabla. Mapato ya mnada wa sikukuu ya mavuno ya mwaka huu yatengeni kwa ajili ya bati la mfereji wa paa na tangi, na baraza la wazee liandike katika muhtasari wake majina ya kina mama watatu watakaokuwa waangalizi wa uchumaji, ili wawe na kauli ndani ya baraza tangu mwanzo.

Baada ya mvua za kwanza, pimeni chemchemi kwa kuhesabu sekunde zinazojaza ndoo ya lita 20, mwandike tarehe na hesabu kwenye daftari la mtaa, na mrudie kila mwezi mahali pale pale. Mkiwa na hesabu za miezi 12, niandikieni tena mnitumie, nami nitawaambia kama theluthi ya pili ya mikaratusi ikatwe au isubiri.